Watafiti mkishatupima, rudini kijiweni na majibu

Mhariri salaam, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua, najua huwa mnakata ila hii msiikate sana.

Mwaka juzi kijiweni kwetu Tandika walikuja vijana wawili na tableti na kipimo cha presha, wakasema wanafanya utafiti wa afya za wanaume. Tukasimamisha bao tukajibu maswali weee, unakunywa siku ngapi kwa wiki, usiku unaamka mara ngapi kwenda kukojoa, mpaka mambo ya chumbani tukayamwaga maana waliahidi siri (mtandaoni mnatucheka "wanaume wa Dar", lakini siku ile tulisema ukweli kuliko tunavyowaambia wake zetu). Wakapima, wakaandika, wakatupa vocha za elfu mbili mbili, wakasema watarudi na majibu. Ndo mpaka leo.

Mwenzetu mmoja fundi seremala presha yake ilikuwa juu, yule kijana aliguna tu akaandika namba akaita anayefuata. Miezi minane baadae fundi akaanguka, akapooza upande wa kulia. Sasa hivi mkewe ndo anamuogesha, mihogo ya kukaanga anayouza jioni ndo ada, ndo kodi, ndo kila kitu. Sisemi utafiti ulimpoozesha jamani, ila namba yake kuna mtu alikuwa nayo.

Wenzetu wa jamii za asili huko nje haya mambo yaliwachosha zamani. Wahavasupai wa Arizona, Marekani, walitoa damu wakijua inachunguzwa kisukari, kuja kustuka imetumika kwenye tafiti zingine kabisa. Wakaenda mahakamani na 2010 chuo kikuu cha jimbo kikawalipa dola 700,000 na damu iliyobaki wakarudishiwa. Wenyeji wa asili wa Kanada tangu 1998 wana kanuni kwamba taarifa za watu wao ni mali yao. Wasan wa Afrika Kusini nao 2017 wakaandika masharti yao wenyewe kwa watafiti. Hapa kwetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamechunguzwa hadi vinyesi kutafuta bakteria wa tumboni, matokeo yakatoka kwenye majarida ya Kizungu, sasa mzee wa Kihadzabe jarida hilo analinunua duka gani?

Na kilichonivutia zaidi ni kule Vancouver, 2010 ilianzishwa DUDES Club, wanaume wengi wao wa jamii za asili wanakutana, wanakula pamoja, wazee wao wapo, na wahudumu wa afya wanakaa nao hapohapo wanapiga stori. Yaani kijiwe! Sisi vijiwe tunavyo kila kona, kuanzia kahawa na kashata mpaka drafti za maegesho ya boda, hakuna haja ya kujenga kitu.

Kwahiyo COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) mnaotoa vibali vya utafiti, naomba ripoti isiishie mezani kwenu, mtafiti abanwe arudi palepale alipopimia watu, aseme kwa Kiswahili, na mwenye presha apewe karatasi ya kwenda nayo zahanati siku ileile, mkewe akiwepo ni vizuri zaidi.

Kijiwe chetu kipo chini ya mwarobaini, kuanzia saa kumi jioni. Jumapili huwa tunamleta na fundi kwenye kiti cha plastiki, anacheza kwa mkono wa kushoto.

Mcheza bao wa Tandika,
Dar es Salaam