Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wahitimu wa Ndaki ya Elimu, Dodoma

Ndugu wanachama,

Poleni na safari. Nimewaona waliotoka Dar es Salaam wakiingia na vibegi vya mkononi; wengi wanarudi leo leo kwa treni. Kabla reli ya kisasa haijafika Dodoma mwaka 2024, mkutano huu ulikuwa ukimla mtu siku tatu, na visingizio vingi vya kutofika vilikuwa vya basi. Hicho sasa kimekwisha, tafuteni kingine.

Majina ya wenzetu waliotangulia mbele za haki mwaka huu Katibu ameyasoma tukiwa tumesimama. Humu sikuyaandika. Taarifa hii ikishatoka hapa itazunguka kwenye simu za watu, na familia mbili zimeomba majina ya marehemu wao yasizunguke hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo hata waliopanda vyeo sitawataja kwa majina, ingawa najua wapo watakaonuna.

Nianze na hao. Mwenzetu mmoja sasa ni Afisa Elimu Sekondari katika halmashauri mojawapo ya mkoa wa Singida. Wawili wamekuwa wakuu wa shule, Mpwapwa na Chemba. Mwingine ameingia kwenye uthibiti ubora, kazi ambayo sisi wa zamani bado tunaiita ukaguzi. Mmoja amemaliza shahada ya uzamivu, kwa hiyo tumwite Daktari kama inavyostahili, ingawa hosteli tulimwita jina jingine lisilofaa kuandikwa hapa. Hongereni wote.

Mniruhusu nikae kidogo kwa mwenzetu wa Bahi, ambaye hakupata cheo chochote. Tulihitimu pamoja mwaka 2010, sisi tulioingia Chuo Kikuu cha Dodoma 2007 kilipoanza, tukaanzia lile jengo la Chimwaga wakati mabweni mengine yakiwa bado msingi. Alipangiwa shule ya kata, akaripoti na godoro na ndoo mbili, na mpaka leo yupo pale pale, anafundisha Jiografia. Mwaka huu, wakati wa kupokea wanachama wapya, binti mmoja alijaza fomu, na pale panapouliza nani amekuleta kwenye chama akaandika, "Mwalimu wangu wa kidato cha pili." Tukaangalia jina, ni yeye. Amemfundisha mtoto, mtoto akafika Chimwaga, akasoma ualimu, leo amekaa mstari wa tatu nyuma ya mwalimu wake. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa la mwaka kwenye ukurasa huu.

Kwa vijana wetu ambao bado hawajaajiriwa, chama hakina ajira ya kuwapa na sitawadanganya. Zama zetu mtu alihitimu, akangoja orodha ya vituo vya kazi, akapanda basi. Tangu Januari 2025 walimu nao wanaitwa kwenye usaili kama kada nyingine, na mtu aliyekaa miaka mitano akichoma chipsi au kusimamia shamba la zabibu anaulizwa maswali ya saikolojia ya elimu aliyosoma mara ya mwisho mwaka wa pili. Walimu wanne wa Dodoma mjini wamekuwa wakiwafanyisha mazoezi Jumamosi, bila malipo. Anayetaka amwone Katibu.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi.

Habari za vyeo tunazipata upesi. Mtu akiteuliwa saa nne asubuhi, saa nne na nusu kundi limejaa pongezi na kuna mtu anauliza ubwabwa unaliwa wapi. Msiba unatufikia ukiwa umepoa. Mwaka huu Mweka Hazina alituma ujumbe wa kukumbusha ada kwa mwanachama mmoja wa Kondoa mara tatu. Wa tatu ulikuwa mkali, nimeuona, na mimi ndiye niliyeuridhia. Jibu likaja usiku: "Shikamoo. Baba alifariki mwezi wa nane. Namba hii naitumia mimi. Ada ni shilingi ngapi nimwambie mama?"

Tulikwenda, mimi na Mweka Hazina, tukiwa tumechelewa miezi minne. Mjane alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Ukutani ipo picha ya joho, mezani vimepangwa vitabu vyake vya maandalio ya masomo, maana alifundisha Kiswahili na Historia. Nikafungua cha mwisho. Somo la mwisho ni uandishi wa barua rasmi, kidato cha pili. Amejaza kila kitu kwa mwandiko ule ule tuliokuwa tukiuazima kwenye nukuu za mihadhara. Sehemu ya tathmini imejazwa: wanafunzi wengi wameelewa, wachache wanasahau anwani ya pili. Sehemu ya maoni iko wazi.

Rambirambi tuliikabidhi, lakini mjane alichohitaji zaidi ni mtu wa kumwonyesha njia. Karatasi za mume wake zina jina la LAPF, mfuko wa pensheni wa zamani, na hakujua kwamba mfuko huo uliunganishwa na mingine mitatu mwaka 2018 ikawa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Muhtasari wa kikao cha ukoo ulikuwa haujaandikwa, hivyo hata ombi la msimamizi wa mirathi lilikuwa halijafika Mahakama ya Mwanzo. Shemeji yake alikuwa na cheti cha kifo mfukoni, akidhani kinatosha. Mwanachama wetu mmoja anayefanya kazi za utumishi alikaa nao asubuhi nzima, wakaorodhesha kinachotakiwa kwenye karatasi moja. Ile asubuhi iliwafaa kuliko bahasha yetu.

Kwa hiyo kamati inaomba mambo mawili. Kila mwanachama aandike kwenye daftari jina na namba ya mtu wa karibu asiyeishi naye nyumba moja, maana simu ya marehemu mara nyingi huzimwa au hubaki na mtoto. La pili, kila wilaya iwe na mjumbe wa kupiga simu kwa wenzake kila baada ya miezi mitatu. Kupiga, siyo kutuma ujumbe. Ujumbe wa kukumbusha ada tumeusitisha hadi hapo tutakapojua tunamtumia nani.

Mapato na matumizi atayasoma Mweka Hazina. Nimeyapitia na sina la kuongeza. Fomu za daftari ziko kwenye meza ya Katibu karibu na mlango, na kalamu zipo. Tafadhali zijazeni kabla ya chai.

Mwenyekiti