Wahadhiri, mkitaja kitabu tajeni na toleo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nina steshenari jirani na chuo kimoja hapa Morogoro: mashine mbili za kopi, kompyuta ya kuchapia, na benchi nje ambapo wanafunzi hukaa kusubiri zamu wakicheza karata. Kopi moja shilingi 100. Kwa miaka tisa nimejua somo lipi linasomwa na lipi linakimbiwa, maana yote yanapita juu ya kioo cha mashine yangu.

Lililonifanya niandike ni kitabu cha somo la algoriti, yaani zile hatua ambazo kompyuta hufuata kutatua jambo. Kinaitwa Introduction to Algorithms, cha Cormen na wenzake watatu. Kilitoka mara ya kwanza 1990, toleo la tatu likaja 2009 na la nne 2022. Kina kurasa kama 1,300. Ukikilaza kwenye kioo kifuniko cha mashine hakifungi, inabidi ukikandamize kwa kiwiko, na bado maneno ya karibu na mshono yanatoka yamepinda.

Muhula uliopita walikuja vijana sita. "Shikamoo mama. Tutolee sura ya 15, nakala sita. Testi inatoka humo." Nikatoa. Wakachangishana, mmoja akapungukiwa, nikamwandika kwenye daftari mpaka bumu litoke. Baada ya testi wakarudi wamenuna. Kumbe mhadhiri anafundishia toleo la tatu, ambalo sura yake ya 15 inaeleza namna ya kuhifadhi majibu ya vipande vidogo ili usivikokotoe mara ya pili. Vijana walikuwa na toleo la nne. Humo sura hiyo imesogea ikawa ya 14, na ya 15 ni ya algoriti za ulafi, zile zinazonyakua kinachoonekana bora papo hapo bila kuangalia mbele. Wamekesha na kitu ambacho hakikuulizwa. Na hela yangu wameshalipa.

Mimi niliishia kidato cha nne, lakini jambo hilo lilinikera nikataka kujua sura hizo mbili zinatofautianaje hata mtu afeli kwa sababu yake. Nikamuuliza kijana wangu, naye yuko diploma ya kompyuta. Akavuta droo yangu ya chenji.

"Mama, mteja anakudai 600. Una sarafu za 500 na za 200, za 100 zimekwisha. Mpe."

Mkono ukaenda wenyewe kwenye 500. Imebaki 100, sina. Siku nyingine ningempa mteja pipi yaishe. Kijana akacheka. "Huo ndio ulafi. Umenyakua kubwa, umekwama." Akairudisha 500 yangu, akapanga za 200 tatu. Akaniambia sarafu za 100 zikiwepo mtindo wangu hauna kosa lolote, na ndiyo maana sikuwahi kuushuku.

Kisha akaokota karatasi iliyochafuka kwenye mashine, akaandika nyuma yake kuanzia 100 hadi 800, na mbele ya kila kiasi idadi ndogo kabisa ya sarafu zinazokifikisha. 100, akaweka mkato, haiwezekani. 200, moja. 300, mkato. 400, mbili. 500, moja. Alipofika 600 akaniuliza: ukitoa 500 unabaki na ngapi? 100, na pale juu ina mkato. Ukitoa 200? 400, na pale juu tumeshaandika mbili. Basi ongeza moja, ni tatu. 700, mbili. 800 niliifanya mwenyewe: nikitoa 500 naangukia kwenye 300 yenye mkato, nikitoa 200 naangukia kwenye 600 yenye tatu, basi nne. Sikuhesabu chochote upya, nilitazama juu tu. Hiyo ndiyo sura waliyoikosa wale sita, na mimi nimeielewa nimesimama nyuma ya kaunta na mteja wa picha za pasipoti akinung'unika.

Nikamuuliza kama hayo aliyatoa kwenye kile kinene. Hapana, aliazima kwa rafiki yake kitabu cha Bhargava, Grokking Algorithms, cha mwaka 2016. Ni kurasa 256, kimejaa michoro ya mkono, na mifano yake ni ya Python, lugha ya programu wanayofundishwa darasani. Humo kuna mwizi mwenye mfuko unaobeba ratili 4. Akibeba redio peke yake mfuko unajaa kwa dola 3,000, lakini akiiacha na kuchukua kompyuta ya mapajani na gitaa anaondoka na 3,500. (Kwa nini vitabu hivi vinapenda wezi sijui. Mwuza duka hakuwatosha?) Anasema baada ya mwizi yule, alipokirudia kile kinene kilimfungukia.

Sikidharau. Kijana akitaka kujua kwa nini njia fulani ni sahihi, hukimbilia huko, maana vyembamba mara nyingi vinapita juu juu. Hata mwanzoni mwake wanaeleza kupanga namba kwa mfano wa karata mkononi, na hao wa kwenye benchi langu wangewaelewa mara moja kama wangefika ukurasa huo wakiwa na subira. Lakini kimeandikwa kwa hatua zisizo za lugha yoyote ya programu, huwezi kuzichapa zilivyo ukaona zinafanya kazi. Nakala ya maktaba inayoletwa kwangu, ukiitazama ubavuni, ina weusi wa vidole upana wa vidole viwili. Kwingine kote ni kweupe kama kilivyotoka kiwandani.

Mzazi mmoja alitoka Kilosa na orodha mkononi akitaka nimtolee hicho kizima. Piga hesabu, 130,000 kabla ya kubaindi. Nilikataa. Kitabu kizima cha mtu sitoi, sheria ya hakimiliki ipo, na nilimwonea huruma pia. Nikamwambia ampigie mwanawe kwanza aulize sura zipi. Kijana hakujua. Orodha aliyopewa ilikuwa na jina la kitabu basi.

Ombi langu kwa wahadhiri ni dogo: andikeni toleo, na andikeni jina la sura badala ya namba peke yake. Kwa wakuu wa maktaba, nakala moja ya kitabu kinene inayosomwa saa mbili kwa kuacha kitambulisho haiwatoshi watu darasa zima. Nunueni vyembamba kadhaa vya kuanzia, vya lugha ileile inayofundishwa. Cha Sedgewick na Wayne kinasifiwa, ila ni cha Java, na asiyejua Java atakuwa anasoma masomo mawili kwa mpigo. Kipo pia cha Jeff Erickson wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kinaitwa Algorithms, cha 2019. Mwenyewe amekiweka bure kwenye intaneti na ameruhusu watu wakinakili mradi jina lake litajwe. Hicho nakitoa kizima bila moyo kudunda. Tatizo kinadhani umeshapita masomo ya mwanzo. Kijana wangu alikianza akakiweka pembeni, anasema atakirudia mwakani.

Ile karatasi ya 100 hadi 800 nimeibandika ukutani juu ya mashine, na wanafunzi wanaosubiri zamu huisoma. Aliyebaki na deni alikuja juzi akalipa kwa noti, nikawa sina cha kumrudishia. Msomaji mwenye sarafu za 100 anipitie, nampa noti mpya.

Mwenye steshenari,
Morogoro