Babu Asiye na Kofia

Kitale,
Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Hujambo dada? Sisi huku wazima, mahindi yamebeba vizuri mwaka huu. Nilicheka peke yangu niliposoma katika barua yako eti mlima wetu, Elgon, ni "kilima kisicho na kofia". Theluji kweli hatuna. Ila shika adabu, huyo ni babu yenu. Kilimanjaro yenu haijafikisha hata miaka milioni tatu. Elgon ilianza kutema moto zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Kwa umri huo nani asiyepata upara?

Kilele chake kirefu, Wagagai, kiko upande wa Uganda, mita 4,321. Kwa urefu ninyi wa Kilimanjaro mmetushinda, yaishe. Lakini kitako chake kina kipenyo cha kilomita 80 hivi, ndiyo maana sisi tukiwa mjini hatuoni ncha, twaona mgongo tu. Na huko juu hakuna ncha moja: kuna bakuli, upana wake karibu kilomita nane. Uji wa mawe yaliyoyeyuka kwa moto ulipotoka tumboni, paa likakosa cha kuliegemeza, likaporomoka. Wagagai, Sudek na Koitobos ni kingo za bakuli hilo. Mto Suam huanzia humo na kutokea pengo la mashariki, na karibu na hapo pana chemchemi za maji moto. Babu kuzimika amezimika, mwili ndio haujapoa.

Mwezi jana nilikwenda na mpwa wangu pango la Kitum, huko huko Elgon. Neema, kuta zote zimekwaruzwa kwa pembe za ndovu! Mwamba wenyewe ni majivu ya volkano yaliyoshikamana, yana chumvi. Basi ndovu huingia usiku, gizani totoro, wakipapasa njia kwa mkonga, karibu mita 200 ndani. Hubomoa vipande kwa pembe, huvisaga kwa magego, humeza. Wamefanya hivyo vizazi na vizazi hadi pango limepanuka.

Kilichoniduwaza zaidi ni gogo lililochomoza ukutani. Nililigusa nikidhani ni mti; kumbe jiwe, baridi kabisa, na nyuzi za mbao bado zaonekana. Majivu yaliuzika msitu, miti ikageuka mawe.

Hapo ndipo tochi yangu ikazima. Popo wakaanza kupiga mbawa juu yetu, mpwa wangu akanishika kiuno, na mimi nikakumbuka wale wageni wawili waliozuru Kitum, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, wakafa kwa homa ya Marburg, ile ya virusi vinavyobebwa na popo. Tulitoka kwa kupapasa ukuta kama ndovu.

Njoo Januari, mvua imekatika na njia ya Koitobos haina tope. Lete tochi mbili, na ndizi za mshare za mtori. Za soko la huku si hizo.

Wako,
Nafula