Barua kwa Mjomba aliyeko Lindi

Mjomba, shikamoo.

Uliniuliza kwenye simu Ulaya nimeona nini, nikakujibu kwa haraka kwamba ni pazuri, nitakusimulia. Sasa nakusimulia, tena hadharani, kwa sababu nina ombi kwako, na wengine wenye wazee wao huko kusini wanaweza kulifanyia kazi pia.

Lisbon niliipenda mno. Mji wote ni vilima, tramu za njano zinapita kwenye vichochoro vya Alfama hadi unabana mgongo ukutani kuzipisha, na nguo zimeanikwa madirishani. Halafu nikaenda Belém, kwenye kanisa la monasteri ya Jerónimos. Ukiingia tu unakutana na kaburi la Vasco da Gama: amechongwa juu ya jiwe, amelala chali, viganja vimekutana kifuani. Wageni wanapiga picha. Mimi nilikuwa namfikiria yule rubani aliyempata Malindi mwaka 1498, aliyemvusha bahari hadi Calicut, India. Wanahistoria wanabishana mpaka leo alikuwa nani hasa.

London sikukaa sana, na mvua ilininyima mengi. Ila Westminster Abbey niliingia, ingawa kiingilio ni ghali, nikaliona kaburi la Livingstone pale sakafuni. Maandishi yanasema aliletwa na mikono ya uaminifu, kupita nchi kavu na bahari. Mikono ya nani, hayasemi. Sisi tunawajua: akina Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, walioukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba miezi kadhaa kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo mwaka 1874. Nilisikitika, Mjomba. Nafasi ya kuandika majina matatu ilikuwepo.

Lakini Berlin ndiyo iliyonikaa moyoni. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jumba la makumbusho ya viumbe asilia kumwona mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa aliyechimbwa huko kwetu Lindi. Nimemsikia tangu utotoni, hata bungeni wamemjadili, lakini kusikia si kuona. Anakwenda juu zaidi ya mita 13. Nilisimama kando ya mguu wake wa mbele, na mfupa wa bega mpaka kwenye kiwiko peke yake ulinizidi kimo. Una rangi ya kahawia iliyokolea, na ukiusogelea unaona nyufa zilizozibwa, mahali palipovunjika pakaungwa tena. Nikajiuliza: kipande hiki alikibeba nani?

Maana mifupa ile ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyomaliza watu kusini. Mamia ya watu wetu walichimba. Wapagazi wakabeba zaidi ya tani 200 kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, kutoka Tendaguru hadi bandarini Lindi. Mjusi alipewa jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin wakati huo. Walioinama shimoni walingoja. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alikumbukwa mwaka 2007, dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 Wamwera, wenyeji wa huko, nao wakapata dinosaria mwenye jina lao, Wamweracaudia. Nilifurahi sana nilipojua hayo, lakini Boheti ni mmoja, na wale walikuwa mamia.

Kesho yake nilipanda treni ya chini ya ardhi hadi mtaa wa Wedding. Kulikuwa na barabara pale iliyopewa hapo mwanzo jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule wazee wetu waliyemwita Mkono wa Damu. Wakazi na wanaharakati walidai kwa miaka mingi ibadilishwe, na mwaka 2024 sehemu yake ikaitwa Maji-Maji-Allee. Ni barabara ya kawaida, ina magari yameegeshwa na akina mama wanasukuma watoto. Nilitembea polepole nikalisoma jina hilo kwenye kila kibao nilichokiona. Kumbe inawezekana, Mjomba, watu wakishikilia.

Ombi langu ni hili. Wewe unajulikana vijiji vyote vya njia ile. Chukua daftari, uende kwa wazee ambao babu zao walichimba au walibeba. Waulize aliitwa nani, mtoto wa nani, ukoo gani, alibeba kutoka wapi hadi wapi, alilipwa nini, njiani waliimba nini. Usiandike tu, warekodi kwa simu, sauti zao zibaki. Asiyekumbuka jina, andika hata ukoo. Nauli ya bodaboda nitakutumia kila mwisho wa mwezi, na daftari likijaa nitalipiga chapa na kulipeleka Berlin mwenyewe, wayaweke majina hayo pale miguuni pa mjusi.

Anza na Mzee wa msikitini uliyeniambia anaumwa. Msalimie sana mkazamjomba na watoto.

Mpwa wako.