Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wazee wetu walezi, ndugu wanachama wa chama cha wahitimu wa vyuo vya kilimo vya serikali tunaoishi Dar es Salaam,

Mwaka umekwenda salama. Kamati ilikutana kama katiba inavyotaka, tulikwenda Nane Nane Morogoro, tuliwazika wenzetu wawili kwa heshima zote, na bustani za shule tulizitembelea kama kawaida. Hayo mnayajua.

Niende kwenye jambo ambalo limesemwa sana pembeni kuliko ukumbini, yaani kuwapokea wenye astashahada na stashahada, si wenye shahada peke yao. Nimeambiwa nimeshusha hadhi ya chama. Hoja hiyo niliileta mimi, kamati ikaipitisha kwa kura 7 dhidi ya 2, na leo ningeileta tena.

Sisi tuliosoma Morogoro tujiulize pale palianzaje. Mwaka 1965 kilifunguliwa chuo cha kilimo cha kutoa stashahada. Aliyetaka shahada ya kilimo enzi hizo alipanda kwenda Makerere, Uganda. Ni mwaka 1970 ndipo Morogoro ilipofanywa kitivo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuanza kufundisha shahada. Misitu ikaongezwa 1974, tiba ya mifugo 1976, na Julai 1, 1984 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Dakawa Aprili 12 ya mwaka huohuo. Kwa hiyo anayeidharau stashahada anaukana msingi wa nyumba anayolala.

Na astashahada je? Vyuo vya Tengeru, Ukiriguru, Ilonga, Uyole, Mlingano: huko ndiko walikotoka mabwana shamba na mabibi shamba waliozunguka vijijini kwa baiskeli, wakati wengi wetu tuko maofisini. Hata Marekani walilipitia hili. Sheria aliyoisaini Rais Lincoln mwaka 1862 iliyapa majimbo ardhi ya umma ili fedha zake zijenge vyuo vya kilimo na ufundi. Vyuo vikajengwa, lakini elimu haikumfikia mkulima ipasavyo, ndipo mwaka 1914 ikaja sheria nyingine ya kugharimia ugani, yaani kumpelekea mkulima elimu shambani kwake, kupitia vyuo hivyohivyo. Sisi wagani tunao, halafu tuwafungie mlango?

Waliokuwepo Temeke ni mashahidi. Mahindi ya bustani ya shule yalikuwa yametobolewa, na wasomi tukabaki kubishana juu ya dawa. Mama mmoja, mwanachama mpya mwenye astashahada, alichutama, akafunua majani ya katikati ya mhindi na kutoa kiwavi, akakilaza kiganjani. Kichwani kina alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyokaa mraba: kiwavijeshi vamizi. Akawafundisha watoto kukagua majani asubuhi na kuponda mayai kwa vidole, bila kununua chochote. Huyo ndiye anayesemekana kutushushia hadhi.

Sasa ada, na hapa nasema kwa uchungu. Tuko wanachama 118, ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 41, na kati yao 19 ni hao wapya. Yalipatikana 1,230,000, yakatumika 1,410,000. Pengo la 180,000 nililiziba kwa mfuko wangu, risiti anazo mweka hazina. Mkutano wa Machi tulisubiri akidi mpaka saa nane mchana, tukatawanyika bila kikao. Wapo waliotuma ujumbe mrefu wa kulalamika siku ileile, lakini ukumbini hawakufika. Chama hakiendeshwi kwa simu, ndugu zangu.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kuanza kukusanya picha na kumbukumbu za vyuo vyetu wakati wazee waliosoma Morogoro miaka ya mwanzo bado tunao, na uwezo ukiruhusu tutafute chumba cha ofisi. Tutazungumza zaidi fedha zikipatikana.

Mweka hazina ameketi karibu na mlango na kitabu cha stakabadhi. Wanaopinga uamuzi wa kamati, ajenda namba tano ni yenu. Niko tayari kujibu hoja zote mbele ya wanachama.

Mwenyekiti