Mpwa wangu, Bobi abaki nyumbani

Mpwa wangu,

Mbukwa. Ile video uliyonitumia nimeitazama: watu wamekaa kwenye vigoda juu ya ziwa lililoganda, wametoboa tundu, wanavua, mbwa kajilaza pembeni hana habari. Chini yake ukaandika, "Anko, Jumamosi na mimi naenda kuvua Bwawa la Mtera na mbwa wangu Bobi." Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua mko wengi wenye mpango huo.

Wale wenzako wana kipimo. Kabla hawajasogea mbali wanatoboa barafu waone unene wake. Ikiwa ngumu na angavu, sentimita 10 zinatosha kumbeba mtu wa miguu. Ikiwa nyeupe, wanataka mara mbili ya hapo. Na bado mbwa huwaponza. Anafukuza ndege, anafika penye barafu nyembamba, anatumbukia, mwenyewe anamfuata. Ndiyo maana huko huambiwa: mbwa akizama usimwendee, mwite ukiwa pale pale na upige simu waje waokoaji.

Sasa Mtera utatoboa nini? Maji ya Ruaha Mkuu pale bwawani mara nyingi yana rangi ya chai ya maziwa. Mamba anaweza kuwa hatua mbili tu kutoka ukingoni na usimwone. Kwa jua la Oktoba, Bobi hatangoja ruhusa: atashuka, atainamisha kichwa, ulimi utaanza kupiga maji, chwa, chwa, chwa. Mamba hahitaji hata kumwona. Ngozi ya taya zake inahisi mtikisiko mdogo kabisa wa maji. Tena huvizia pale pale wanyama walipozoea kunywa. Bobi akinyakuliwa, wewe utajirusha, nakufahamu. Mbwa yule nampenda, lakini dada yangu nitamwambia nini?

Kiboko naye hutoka jioni kwenda malishoni. Bobi atambwekea, kiboko atageuka, Bobi atakimbilia wapi kama si miguuni kwako?

Na hata pasipo na mamba, kuna ndoano. Chambo kinanuka, mbwa anakimeza na ndoano yake. Likikukuta hilo, usivute mshipi hata kidogo, utamchana koo. Kata, acha kipande kirefu kining'inie nje, umwahishe kwa daktari wa mifugo. Kutoka Mtera hadi Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 100, piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo mlete Bobi kwangu Ijumaa jioni, na cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa, maana hapa kuna watoto. Wewe nenda. Kaa mbali na ukingo, matumbo ya samaki usiyatupe ulipokaa, na uondoke kabla giza halijaingia. Perege ukipata niletee wawili. Kambale kula mwenyewe.

Anko wako