Maganda ya risasi hayapangwi kwa mng'ao

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala ya uwindaji iliyotoka katika gazeti lako mwezi uliopita, ambayo mwandishi wake alieleza kwamba wawindaji wa Marekani, ambako mtu huruhusiwa kujijazia risasi mwenyewe, yaani kulitia baruti na kichwa kipya ganda la shaba lililokwisha kupigwa, huyaosha maganda yaliyokwisha kupigwa mpaka yang'ae, kisha huchagua yaliyo mazuri kwa kuyatazama. Kuosha wanaosha, lakini kuchagua kwa macho sivyo, na mimi niliyetunza bunduki za wageni kwa miaka 11 katika kambi za uwindaji za Rungwa kabla ya kurudi kwetu Mafinga nimewasikia wakibishana juu ya maganda hadi moto wa kambi unazimika.

Kinachotangulia ni nasaba ya ganda: limetoka kiwanda gani, toleo gani, limepigwa katika bunduki ipi na mara ngapi. Ganda likipigwa hutanuka na kuchukua umbo la chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ya bunduki ile, na shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30, huwa ngumu zaidi kila inapotanuliwa na kubanwa tena, hata shingo, yaani sehemu ya mbele inayoshika kichwa cha risasi, ikapasuka isipopashwa moto kwa kiasi ili ilainike. Ukichanganya maganda ya kupigwa mara moja na ya kupigwa mara sita katika boksi moja, kila shingo itakishika kichwa cha risasi kwa nguvu yake, na shabaha itatawanyika hata kama mpigaji ni hodari. Maganda ya kijeshi ya kaliba ya 7.62 nayo hutengwa peke yake, kwa kuwa mara nyingi kuta zake ni nene, nafasi ya ndani ni ndogo, na baruti ileile huzalisha shinikizo kubwa zaidi.

Baada ya hapo ndipo mizani huingia. Wengi huyapima maganda matupu na kuyapanga kwa uzito, wakiamini kwamba ganda zito lina nafasi ndogo ndani. Dhana hiyo ina ukweli wa nusu, kwa sababu uzito unaozidi unaweza kuwa umejificha kwenye kitako na usiguse kabisa nafasi ya baruti. Mgeni mmoja mzee, ambaye nilimheshimu kuliko wenzake wote, aliyajaza maganda maji na kuyapima upya ili aijue nafasi ya ndani yenyewe, akinieleza kwamba gramu nzima ya shaba hiyo huchukua nafasi ya takriban gramu 0.12 tu ya maji.

Kosa kubwa la makala lilikuwa kutoitaja kabisa hatari ya kaliba ya .375 H&H Magnum, iliyotolewa mwaka 1912 na ambayo huku kwetu ndiyo bunduki ya nyati. Ganda lake lina mkanda karibu na kitako, na huo mkanda ndio unaolizuia lisizame katika chemba. Kwa hiyo mwili wa ganda huweza kurefuka mbele kidogo ya mkanda, ukuta ukawa mwembamba mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Wanaojua huingiza waya mwembamba uliopindwa ncha na kuukwangua ndani. Ncha ikikwama kwenye mfereji, ganda hilo hutupwa, hata liwe linang'aa kama pete ya harusi.

Suala la mwisho ni mahali pa kuyaweka. Enzi za ukoloni wa Waingereza kule India, maganda yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalikuwa yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, na ni mwaka 1921 ndipo ilipoelezwa kwamba mvuke wa amonia kutoka kwenye mkojo wa wanyama ulikuwa ukiila shaba ambayo tayari ilikuwa na mkazo ndani yake. Mimi nilijifunza hayo kwa hasara: maganda matupu niliyoachiwa kwa kumbukumbu niliyaweka stoo, ukuta mmoja na banda la ng'ombe, na kifuku kilipokwisha nikakuta shingo nne zimechanika kwa urefu. Kwa sababu hiyohiyo dawa ya kung'arishia vyombo yenye amonia haifai kabisa kwa maganda, na makala ilipaswa kulisema hilo pale iliposifu mng'ao.

Naongeza, kwa ajili ya vijana walioanza kuniuliza mashine ya kujazia inauzwa wapi, kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila leseni. Namwomba mwandishi aandike tena juu ya mkanda wa .375 na juu ya amonia, na safari hii aweke mchoro wa ganda lililokatwa kwa urefu.

Msomaji wako,
Mafinga, Iringa